Kuagana na Ng'ombe

Romy alimpungia ng'ombe mkono. Si baba yake, ng'ombe. Alikuwa amebebwa begani na mama yake, amekwisha kufungwa ndani ya nguo nene ya kukinga theluji hata mikono imesimama kando kama ya mwanasesere, na mama aliposema, "Haya, muage baba," mtoto akageuza kichwa. Macho yake yalimpita baba kama yanavyompita mtu aliyeziba dirisha, yakaitafuta ile meza ya plastiki ya kuchezea pale chini, yakamwona ng'ombe mwekundu mwenye taa puani, na hapo ndipo uso ulipochanua. Akafumba na kufumbua vidole. "Ba," akasema. Kisha mlango wa ngazi ukafungwa.

Wade Kivela alibaki amepiga magoti juu ya zulia la chumba cha chini cha kanisa, mkono wake mwenyewe bado uko hewani.

"Hongera," alisema Lorna, mama mtu mzima ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti cha kona wazazi wa namna ya Wade walipokuja kuonana na watoto wao. "Leo hakulia hata kidogo."

"Hata kidogo," alisema Wade.

Na hilo ndilo alilokuwa amelitaka. Huko nje Carlene, mama wa mtoto, alishusha kioo cha gari akamwambia maneno ambayo Wade alikuwa akiyaota tangu theluji ya kwanza ilipoanguka. "Akitulia hivi tena ukirudi kutoka mgodini, Jumamosi itakayofuata namleta kwako. Kwako kabisa, namwacha mchana kutwa. Ila hiyo meza iwepo, Wade. Naona sasa kuna kupatana."

Alimaanisha Romy na meza, au Romy na Wade? Wade hakuuliza. Aliipakia ile meza kwenye kiti cha nyuma cha pikapu na kuondoka polepole, barabara ikiwa imeganda. Alipovuka reli gari liliruka, na nyuma yake ng'ombe akalia, akifuatwa na wimbo wa furaha wa kinanda. Wade aliegesha pembeni. Alikuwa amekaa katika kambi ya mgodi miaka, amelala katika vyumba ambamo upepo ndio mwenzake wa pekee, lakini upweke wa namna hii alikuwa hajapata kuuonja. Siku zile za kambi alijua kwamba hayupo. Leo alikuwepo, na bado hakuwepo.

Watu hupenda kisa chenye mkosaji, hiki hakina. Mgodi uko mbali kaskazini, huendewa kwa ndege ndogo, na anayefanya kazi huko hukaa majuma kule na siku chache nyumbani. Romy alizaliwa baba yuko mgodini, chini ya ardhi. Alikaa, akatambaa, akasimama, na kila hatua Wade aliikuta imekwisha kupita. Carlene alivumilia nusu mume hadi uvumilivu ukaisha, akahamia kwa wazazi wake upande wa pili wa mji, bila matusi, bila sahani kuvunjika.

Mara ya kwanza walipokutanishwa katika chumba kile, Wade alikwenda mikono mitupu. Alidhani damu ingemtambulisha. Romy aliona ndevu, akaangua kilio, akalia hadi akatapika, na Lorna hakuwa na budi kumpigia mama yake simu.

"Simwachi mtoto na mtu asiyemjua," Carlene alimwambia siku ile, wamesimama kwenye theluji.

"Asiyemjua? Mimi?"

"Basi niambie, anapenda kuchezea nini?"

Carlene hakuuliza kwa kumkomesha. Alikuwa anangoja jibu kweli, na hilo ndilo lililomchoma Wade zaidi.

Aliporudi kambini aliyameza maneno yale siku kadhaa, mpaka Garnet Moonias, mchimbaji mwenzake na babu wa wajukuu tele, alipomwona bwaloni anauzungusha uma katika viazi bila kula.

"Mficha uchi hazai, bwana. Sema."

Wade akasema. Nusu ya bwalo ikageuka kuwa baraza. Wanaume wenye mikono kama sepetu walibishana kuhusu midoli kwa ukali ambao hawakuwa nao hata katika mambo ya mishahara. Mmoja alisema vipande vya mbao vya kujengea. Akazomewa, eti mtoto atakurushia usoni. Mwingine alisema gari la kusukuma. "Atasukuma hadi ukutani, halafu? Atakulilia umgeuzie, kutwa nzima!"

"Nyamazeni nyote," alisema Garnet. "Kuna meza moja ina vitufe, taa na wanyama. Ukibonyeza, inaimba yenyewe. Mjukuu wangu nikimweka pale, bwana we, nanywa chai, nasoma gazeti, nalala, naamka, bado anabonyeza. Anasahau kama nimezaliwa!"

Wakacheka wote, Wade akacheka nao, na aliposhuka mjini akainunua.

Sasa, akiwa ameegesha pale karibu na reli, ndipo maneno ya Garnet yalipomrudia na kukaa vibaya. Wale wenzake wote walikuwa wanaume waliochoshwa na watoto wao. Walichagua midoli kama mtu anavyochagua kiti: apate kupumzika. Wade peke yake bwaloni mle hakuwa na uchovu wowote wa kupumzisha. Mtoto hakuwahi kumvuta suruali anapokunywa chai. Alikuwa amekwenda dukani na kununua dawa ya ugonjwa alioutamani.

Jioni ile mlango uligongwa. Alikuwa Mama Saarela, jirani wa nyumba ya pili, mjane tangu majira ya majani kuanguka, mkononi ameshika chupa ya achari ya bitiruti.

"Nifungulie, mwanangu. Vidole hivi havina tena nguvu."

Wade alikizungusha kifuniko, kikalia ta! Mama Saarela akashukuru, akavua skafu, akavua koti, akaketi mezani na kuanza kuilalamikia halmashauri ya mji iliyochelewa kuondoa theluji mtaani kwao. Ndivyo ilivyokuwa kila Wade alipokuwa nyumbani. Chupa ilikuja kwanza, halafu koti likavuliwa.

"Mama Saarela," Wade alimkatiza, "asubuhi nimekuona unavunja barafu kwenye ngazi zako. Kwa mtaimbo."

"Ilikuwa imeganda kama jiwe. Ulitaka nivunje kwa kijiko?"

"Na kifuniko kinakushinda?"

Bibi yule aliitazama chupa, kisha akamtazama Wade, na masikio yakamwiva. Wade alijuta kuuliza.

"Barafu naivunja peke yangu," alisema hatimaye. "Bitiruti sipendi kula peke yangu. Una kahawa, au huna?"

Wade alikuwa nayo. Aliibandika jikoni, akaleta uma mbili, wakala bitiruti kutoka kwenye chupa hadi midomo ikawa myekundu kama ya watoto walioiba matunda. Hawakuligusa tena jambo lile. Lakini Mama Saarela alipokwenda zake, Wade alikaa akikitazama kile kifuniko ambacho bibi alikisahau mezani, akakigeuza upande huu na upande ule.

Kambini, safari iliyofuata, alimwomba mpishi kopo tupu la siagi ya karanga, lile la plastiki ya kuonyesha ndani, lenye mdomo mpana na kifuniko cha kuzungusha. Akaliosha, akatia ndani vibanio vya mbao vya kuanikia nguo, vile vya kizamani visivyo na chuma. Jioni alikaa kitandani akikikaza kifuniko na kukilegeza. Akikaza mno, mtoto angekata tamaa. Akilegeza, angejifungulia mwenyewe.

"Aisee," alisema Garnet, aliyeingia kuazima chaja ya simu, "mtu na mshahara wake, anampelekea mwanawe takataka! Kwani meza iliharibika?"

"Meza ni nzima."

"Basi? Mtoto hakuipenda?"

"Aliipenda mno."

Garnet aliuona uso wa mwenzake, akachukua chaja na kutoka.

Siku ilipofika, meza ilibaki nyumbani. Wade alijua anachokiweka rehani. Mtoto akilia sana, Lorna atapiga simu; Lorna akipiga simu, Carlene ataghairi, na ile Jumamosi ya nyumbani itayeyuka. Angeweza kuchukua ng'ombe, akapata utulivu wake, akampata Romy nyumbani mchana kutwa akibonyeza vitufe kwa furaha na kumpa kisogo. Wazo hilo lilimjia tena ngazini, akiwa na kopo mkononi, na nusura arudi.

Romy aliwekwa chini. Mama yake akaondoka. Mtoto akazunguka chumba akiitafuta meza, akachungulia nyuma ya kiti, akachungulia nyuma ya Lorna. Wade aliliweka kopo katikati ya zulia, akasogea nyuma, akakaa.

Romy alilitikisa. Vibanio vikagongana, akacheka. Akalitikisa tena, kisha akaviona ndani na kuvitaka. Akalipiga chini. Akakiuma kifuniko. Akachuchumaa, akalikumbatia tumboni na kusukuma kwa nguvu zake zote hadi akaanguka kitako, na hapo hasira ikapasuka. Alikimbilia mlangoni na kopo lake, akaugonga mlango nalo, akilia kwa sauti iliyokijaza chumba.

"Wade," Lorna alisema, simu mkononi. "Nimpigie?"

"Subiri kidogo."

"Utaratibu unaujua."

"Naujua. Kidogo tu, nakuomba."

Aliogopa. Kila kitu ndani yake kilimwambia ainuke akambebe, na alijua akimbeba kwa nguvu ndevu zake zitammalizia kazi. Akanyoosha mkono mmoja tu, akaulaza juu ya zulia, kiganja kikitazama juu.

Romy aligeuka, makamasi yakimtiririka, akatafuta mtu. Akaenda kwa Lorna. Akampa kopo. Mikono ya Lorna iliinuka yenyewe, maana ni mama wa watoto wanne. Kisha akairudisha na kuikalia.

"Kimenishinda, mpenzi," alisema, na Mungu amsamehe.

Mtoto alisimama kati yao. Akautazama ule mkono zuliani. Kutoka mkononi macho yakapanda hadi kwenye kiwiko, hadi kwenye ndevu, na kutoka kwenye ndevu hadi kwenye macho, yakaganda hapo. Wade hakutabasamu, hakuthubutu. Ilikuwa mara ya kwanza mwanawe kumtazama. Kisha zikaja hatua zile za kuyumba, na kopo likawekwa kiganjani mwa Wade.

Akafungua. Romy akamwaga vibanio vyote, akavirudisha kimoja kimoja, akakibandika kifuniko juu, kikakataa kushika. Akampa baba. Wade akafunga. Romy akahangaika, akaguna, akampa tena. Akafungua. Wakaendelea hivyo, mtoto akijongea kila safari, hata mwishowe akawa anamwagia vibanio mapajani mwa Wade na kuegemea goti lake bila kufikiri.

Carlene aliporudi aliona kwanza macho mekundu ya mwanawe.

"Amelia."

"Amelia," alisema Wade.

"Meza iko wapi?"

"Nimeiacha."

"Wade! Tulikubaliana nini?"

Lorna alikuwa anakunja blanketi ambalo lilikuwa limekwisha kukunjwa. Carlene alipumua kwa nguvu, akaketi kwenye kiti kidogo, akampakata Romy na kuanza kumvalisha; nguo ya theluji, kofia, kiatu kimoja. Mtoto alikuwa bado amelikumbatia kopo, limefungwa, akilitikisa.

"Haya, lete mama akufungulie tuondoke," alisema Carlene, akaunyoosha mkono.

Romy akalivuta kopo kifuani. Akateleza kutoka mapajani, kiatu mguu mmoja na soksi mguu wa pili, akavuka zulia akichechemea, akamsukumia Wade kopo tumboni.

Wade alilishika. Mikono ilikuwa imelowa jasho, na kifuniko kikateleza. Akajaribu tena, kikateleza tena. Romy hakulia. Aliweka mkono juu ya goti la baba yake, akasimama akingoja, na nyuma yake Carlene, kiatu cha pili mkononi, akangoja naye.