Mchele Uliotwangwa Mara Tatu

Kijiji kizima cha Sepuka kilijua kwamba mkwe wangu Febronia, mke wa mwanangu Laurenti, alikuwa ameharibu mimba mbili. Basi ya tatu ilipofika salama, mwaka wa pili baada ya vita vya Hitla, niliapa kwamba mzazi huyu hatakula ugali wa uwele kama watu wengine. Atakula wali.

Mpunga ulikuwa wetu, wa mbugani. Niliutwanga mwenyewe mara tatu, nikapepeta hadi mchele ukawa mweupe pe, pumba nikawamwagia ndama. Maharage na mlenda nilimkataza, eti vitamsumbua mtoto tumbo. Miezi mitatu alikula wali mtupu na samli kidogo, nami nikatembea kifua mbele. Majirani walisema, "Mama Laurenti anajua kutunza mkwe," na neno hilo lilinilevya.

Kisha miguu ya Febronia ikaanza kufa ganzi. Mtoto naye, Gasto wetu, akawa anatapika maziwa, na kilio chake kikakauka: anafumbua mdomo, sauti haitoki.

Tukaenda kwa dresa, yule mganga msaidizi wa zahanati. Aliuliza mzazi anakula nini, nikamjibu kwa majivuno. Akatikisa kichwa.

"Mama, nguvu ya mchele iko kwenye lile ganda la kahawia. Twanga mara moja tu, makapi yatoke, basi. Na maharage ale. Anza leo, maziwa yake hayana nguvu hiyo, mtoto yuko hatarini."

"Nimesikia, mwanangu," nikasema.

Njiani nilikuwa nachemka. Mchele wa ganda tuliula mwaka wa njaa, kwa kukosa nguvu za kutwanga. Leo nimpe mzazi, majirani wachungulie chungu changu?

"Mama, dresa alisema..." Febronia alianza tulipofika nyumbani.

"Dresa amezaa wangapi? Kula!"

Akala. Alikuwa na adabu. Siku ya nne Gasto alifia mikononi mwake.

Baada ya matanga Febronia alijitwangia mwenyewe, mara moja tu, na sikumzuia. Baada ya majuma machache miguu yake ikapata nguvu, akawa anakwenda kisimani, nami nikimwona anapita natamani ardhi inimeze. Mjukuu wangu nilimuua mimi, kwa kiburi.

Mwaka uliofuata alishika mimba tena. Akaja, akapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Naomba ruhusa nikajifungulie kwa mama yangu, Ihanja."

Nikaitikia marahaba, nikamwambia aende.