Picha Ndani ya Faili

Wakili aliigeuza kompyuta ili wote waone. Juu ilikuwa alama aliyokabidhiwa siku marehemu aliporekodi wosia wake kwa sauti; chini, alama ya faili lililoletwa leo. Hazikufanana hata kidogo.

"Basi," alisema baba mdogo, akifuta miwani yake. "Limechezewa. Na fundi wa sauti tunaye hapa hapa, hatuna haja ya kumtafuta mbali."

Alimaanisha binti wa marehemu. Kazi yake ilikuwa kuhifadhi rekodi za redio, na ni yeye aliyependekeza alama hiyo. Programu husoma faili zima na kutoa mfuatano mmoja wa herufi na tarakimu. Kibadilike kitu kidogo tu ndani, mfuatano wote unakuwa mwingine. Baba yake alifurahi. Hakutaka sauti yake ibaki kwa wakili. "Mpe alama," alisema. "Kukohoa kwangu ni kwa familia."

"Nileteeni faili la asili kesho mchana," wakili alisema. "Alama zisipolingana, ni kama marehemu hakusema kitu."

Na makubaliano ya marehemu na mdogo wake, waliojenga nyumba pamoja, yalikuwa wazi: anayetangulia asiposema kitu, nyumba ni ya anayebaki.

Nyumbani binti alimkuta mama yake akikunja nguo.

"Mama, nani ameshika tableti ya baba?"

"Mimi. Nilikuwa namsikiliza baba yako."

"Kusikiliza hakubadilishi faili. Umefanya nini kingine?"

"Pale kwenye sauti yake kulikuwa na kile kialama cha muziki, utadhani yeye bendi. Nikamwekea picha yake. Ile aliyovaa tai."

"Mama!"

"Nini? Si alipendeza?"

Binti alikwenda kwenye diski ya akiba. Nakala iliyokuwa humo nayo ilikuwa na picha. Aliipanga mwenyewe inakili kila badiliko bila kuuliza, na ilikuwa imefanya kazi yake vizuri.

Sauti yenyewe ilikuwa salama. Picha ilikaa kabla ya sauti hiyo, kwenye nafasi tupu ambayo kinasa sauti huacha kwa ajili ya maelezo. Angeweza kutoa alama ya sauti peke yake, lakini wakili hakuwa na ya kuilinganisha nayo. Ilibaki njia moja: kuiondoa picha na kulirudisha faili kama lilivyozaliwa. Alama ikirudi, hakuna wa kubisha, kwa kuwa haiwezi kughushiwa.

Alikaa mbele ya kompyuta bila kugusa kitu. Katika begi lake, pale sebuleni, kulikuwa na mkataba wa kazi katika mji mwingine, bado haujasainiwa.

"Ulimsikiliza mpaka mwisho?" aliuliza.

"Mpaka mwisho." Mama alilainisha shuka kwa kiganja. "Baba yako alipenda kufunga. Hata kabati la vikombe alilifunga kwa ufunguo." Kisha akasema, bila kumtazama, "Kama haiwezekani, mwanangu, niambie haiwezekani. Mimi kompyuta sizijui. Nitakuamini."

Binti aliondoa picha. Alama ilikataa kulingana. Alijisikia mwepesi, na hakupenda alivyojisikia. Alijua vizuri kilichobaki: nafasi tupu haikuwa na ukubwa wake wa awali. Alirekodi faili jingine kwa kinasa kile kile, akapima nafasi yake tupu, akairudisha ya faili la baba yake kwa ukubwa huo huo. Alama ikalingana, herufi kwa herufi.

Kesho yake wakili alilinganisha mara mbili, kisha akabonyeza. Marehemu alikohoa.

"Nyumba ni ya mke wangu," alisema, "maadamu binti yangu anaishi naye humo. Siku binti atakapohama, mdogo wangu aichukue."

Baba mdogo alicheka mpaka akavua miwani.

"Nisamehe, mwanangu. Ungekuwa umelichezea, hapo ndipo ungeanzia kukata." Alipofika mlangoni aligeuka. "Ukihama, nipe taarifa mapema. Nitataka kupaka rangi."

Nyumbani binti alitengeneza nakala ya pili, akairudishia ile picha ya tai, akampa mama yake.

"Hii uifanye utakavyo."

"Na ile nyingine?"

Alilifunga faili la asili ili lisiweze kubadilishwa tena na mtu yeyote, yeye akiwemo. Alipomaliza, mama alikuwa ameshalitoa begi la binti yake sebuleni, mkataba ukiwa ndani, na kulirudisha chumbani kwa binti.