Mdomo wa Bibi

Krr, krr. Umeme ulikuwa umekatika jioni ile, na kule pembeni gurudumu la cherehani likasikika likizunguka polepole. Fundi alimvuta bintiye, Kidoti, akamkumbatia. Chumbani walikuwa wawili tu, na mwenye cherehani, mama mkwe wake, walikuwa wamemzika mwezi uliopita.

Enzi za uhai wake, mzee yule alikagua kila pindo la mkaza mwanawe, kisha akasema, "Hongera, fundi bingwa." Kidoti alikuwa akipiga makofi, mpaka siku mama yake alipomnong'oneza, "Mtazame mdomo, mwanangu. Akiubenua, hiyo si sifa, ni kijembe." Tangu hapo mtoto hakuacha kuutazama mdomo ule, na fundi hakuacha kungoja siku ya kusifiwa kweli.

Gurudumu likasimama. Gauni alilolimaliza fundi mchana likachakarika, kama linalogeuzwa pindo.

"Bibi anasema hongera, fundi bingwa," Kidoti alinong'ona, macho kayakaza gizani.

Fundi akauliza, "Na mdomo wake ukoje, mwanangu?"

Mtoto alitazama kwa muda mrefu.

"Leo Bibi hajabenua mdomo."