Shahidi wa Pili

Ungemuuliza yule fundi waliyempachika jina la Kijani ni lini hasa alianza uongo, angekujibu kwamba hakusema uongo, alibadilisha lebo tu. Wengi wetu tuna kisingizio cha namna hiyo, tumekikunja vizuri kabatini kama shuka la wageni. Cha kwake kilimkalia rohoni wiki nzima kabla hajakitoa nje, na alipokitoa kilikuwa kimeshaharibu mtu.

Kazi yake ilikuwa kutazama televisheni. Ndugu wa mumewe hawakuchoka kumtania. "Shemeji analipwa kwa kuangalia tamthilia, na sisi tunalipia king'amuzi!" Lakini kazi yenyewe ilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Kampuni ilikuwa na vituo viwili, kila kimoja na mji wake. Kila kituo kilikuwa na antena zake na ving'amuzi vyake, kikipokea chaneli ishirini na nne na kuzirekodi mchana na usiku. Mamlaka ya utangazaji ndiyo iliyowapa kazi hiyo. Chaneli ikikatika au ikiruka tangazo la lazima, vituo hivyo ndivyo vilivyokuwa mashahidi. Na mamlaka haikumwadhibu mtu kwa neno la kituo kimoja. Sharti viwe viwili, kila kimoja kiwe kimeona kwa jicho lake.

Vituo viliunganishwa kwa mtandao na viliweza kugawiana picha. Fundi wa huku akitaka kujua kule wanapokea nini, anaivuta picha ya kule mpaka kwenye skrini yake. Mfumo wenyewe ulibandika lebo kwenye kila picha, ikionyesha ilipokelewa kituo gani. Picha ya kuazima ilikuwa ya kutazama tu, kwenye ripoti haikutakiwa kuingia. Sheria hiyo Kijani aliijua vizuri, maana ni yeye aliyeichapa na kuibandika ukutani.

Jina lenyewe lilitokana na ubao wa taa. Kila chaneli ilikuwa na taa yake, kijani ikiwa mambo ni sawa, nyekundu yakiharibika, na ubao wa Kituo cha Pili haukuwahi kuwa na nyekundu ya zaidi ya siku moja. Bosi aliusifu kwenye kila mkutano. Kisha king'amuzi cha chaneli ya kumi na saba kikaungua. Stoo wakasema kingine kinakuja wiki ijayo. Kila saa taa nyekundu ilituma ujumbe kwenye simu ya Bosi, na kila saa Bosi alipiga.

"Kijani, kulikoni? Siku hizi umekuwa Nyekundu?"

Alivumilia siku mbili. Ya tatu akaivuta picha ya kumi na saba kutoka Kituo cha Kwanza, akaiingiza kwenye nafasi ya king'amuzi kilichokufa, akafuta "Kwanza" kwenye lebo na kuandika "Pili". Taa ikawa kijani, Bosi akanyamaza. Ni ya siku mbili tu, alijiambia. Lakini stoo nao walikuwa wakiutazama ubao uleule. Walipoona hakuna nyekundu wakafuta oda, na kuwauliza kungekuwa kujichongea. Siku mbili zikazaa wiki sita. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri makalio, ila Kijani alikuwa amekaa, na aliyekaa haonekani nyuma.

Chaneli ya kumi na saba ilikuwa ya kituo kidogo cha televisheni, na aliyekaa kwenye meza ya kurushia matangazo ya kituo hicho alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Mwaka wa ishirini na mbili sasa, kiti kilekile. Ndiye aliyemletea Kijani habari za nafasi ya kazi, akamkalisha jikoni kwake na kumfanyia usaili wa majaribio huku akimenya viazi. "Ukiulizwa udhaifu wako," alimwambia, "sema unapenda kazi mno. Usiwaambie unaogopa kugombezwa."

Siku ya Jumanne, saa saba na dakika nne mchana, ujumbe uliingia kutoka Kituo cha Kwanza. Fundi wa huko Kijani alizoea kumwita Jirani, ingawa hawakuwahi kuonana ana kwa ana.

"Kijani, kumi na saba kwako vipi? Kwangu kweusi."

Akainua macho. Skrini ilikuwa nyeusi tii. Vidole vyake vilikimbia kuliko akili.

"Kweusi hata kwangu."

Jirani alikuwa ameshainuka kwenda kukagua nyaya zake. Aliposoma jibu akakaa tena. Kama kuna giza pande zote mbili, basi kosa ni la chaneli. Kijani aliyasoma maneno yake mara ya pili, na hapo ndipo yalipomgonga: alikuwa amemthibitishia mtu giza lake mwenyewe. Akagusa kibodi ili aandike tena. Lakini aandike nini? Picha ikarudi saa saba na robo akiwa bado anafikiri.

Katika dakika zile kumi na moja lilipangwa tangazo la lazima, la kuwaonya watu wasinywe maji ya bomba bila kuyachemsha. Chaneli nyingine zote zililirusha, kwa hiyo hakuna aliyedhurika. Hata hivyo mamlaka ilitaka ripoti, na ripoti ilitaka sahihi mbili.

Kijani alizicheza rekodi mbili sambamba. Vituo viwili vya kweli havilingani kamwe, kimoja huchelewa sekunde mbili tatu, kama watu wawili wanaoitikia amina kwenye msiba mmoja. Hizi zililingana mpaka basi. Kabla ya giza palikuwa na kijisehemu kimoja cha picha kilichovunjika karibu na sikio la msomaji wa habari, na kilikuwepo kote kote, sikio lilelile, sekunde ileile. Nafasi ya maelezo ilikuwepo chini ya ukurasa, wazi, ya kutosha sentensi moja. Akasaini bila kuijaza. Jirani si mtoto, alijiambia, akisema ilikatika basi ilikatika.

Ijumaa Jirani akamwandikia tena, kwa kicheko. Fundi wa kiyoyozi alipanda kwenye paa lao Jumanne ile mchana, akasukumasukuma nyaya kama anatafuta kuku, akaacha moja imelegea. "Nimeikaza leo. Afadhali haikuniletea balaa." Hakuunganisha mambo. Angeunganishaje, na shahidi wa pili alishasema ameona? Kijani aliusoma ujumbe, akaenda chooni, akafungua bomba ili wenzake wasimsikie, akalia.

Kuanzia hapo alijua, na asije akakudanganya mtu kwamba hakujua.

Jumapili walikwenda yeye na mumewe kumwona wifi. Kituo chake cha televisheni kilikuwa kimemsimamisha kazi. Meneja alisema amesinzia mezani, akasahau kubonyeza swichi ya kurudisha matangazo hewani. Wifi alikuwa anawaka.

"Nililiona tangazo kwa macho yangu! Nilikuwa na chai mkononi. Hata mlinzi wa getini alikuwa anatazama kwenye kitelevisheni chake. Wanasema mlinzi ni rafiki yangu, ushahidi wake wa getini uishie getini." Akamgeukia Kijani. "Wifi, wewe ndiye unayezijua hizo mashine. Kweli zote mbili ziliona giza?"

Chumba kizima kilimtazama. Mumewe alikuwa ameshika kijiko, anasubiri.

"Zote mbili, wifi," alisema Kijani.

Haukuwa uongo, ukiupima kwa mizani ya wakili. Wifi alishusha pumzi, akaketi, na moto ukapungua usoni mwake. Kijani aliona ukipungua. Sahani yake aliiacha imejaa siku hiyo, akasingizia kichwa, na wifi huyohuyo akainuka kumtafutia dawa.

Kijani alirudi Jumatatu na matunda, akarudi Jumatano na unga. Hakuna mgeni mkarimu kama mwenye hatia. Kila mara alikuja na maneno mdomoni, kila mara aliondoka nayo. Na kila mara wifi alikuwa amepungukiwa na kitu. Jumatatu alisema, "Lakini chai niliiona, na tangazo nililiona." Jumatano alisema, "Chai nina hakika nayo." Nyumbani mumewe alikuwa amekwisha kukata shauri. "Dada yangu umri umemwendea, tukubali tu. Mashine hazina chuki na mtu." Kijani aligeukia ukuta. Akikiri atafukuzwa, hilo lilikuwa wazi kama mchana, kubadilisha lebo hakukuwa na onyo la kwanza. Na mkopo wa kiwanja, na ada za watoto... Aliorodhesha mpaka usingizi ukamchukua. Yeye usingizi ulimjia.

Ijumaa alasiri alipiga moyo konde akaenda peke yake. Jumatatu inayofuata wifi alikuwa aitwe mbele ya kamati ya nidhamu ya kituo chake, na Kijani alitaka kusema kabla ya hapo. Alimkuta mezani anachambua mchele. Simu ilikuwa imesimamishwa mbele yake, imeegemea kikombe.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Karibu, vuta kiti."

Kabla hajakaa, simu ililia. Wifi akaibonyeza, akasema, "Nipo," bila kumwambia mtu, akaendelea na mchele.

"Nani huyo?"

"Kengele tu. Kila dakika kumi, nijue kama niko macho." Alicheka kidogo, akaona haya. "Usingizi wangu huu ni wa hatari, wifi. Daktari anasema wapo watu wanaolala macho wazi. Jiko siligusi tena nikiwa peke yangu. Watoto wananicheka, kengele ikilia wanaitikia wao: Mama yupo!"

"Wifi, nimekuja..."

"Tena sikutaka kuwasumbua na kamati. Jana nimesaini. Nimekiri nilisinzia, nao watanistaafisha badala ya kunifukuza. Sasa hivi hata nakumbuka, unajua? Kichwa kilivyokuwa kizito. Nakumbuka kabisa."

Kufukuzwa kazi kwa mtu Kijani alikuwa amekuzoea kwenye mawazo, amekupima, amekutafutia maneno. Hili la mtu kukumbuka usingizi ambao hakuulala hakuwa amelitarajia.

"Hukusinzia," alisema.

Akalisema lote. King'amuzi, lebo, kijisehemu karibu na sikio, fundi wa kiyoyozi. Alisema haraka kama anayekimbia mvua. Mikono ya wifi ilisimama juu ya mchele.

"Unajua tangu lini?"

"Kwamba sikuwa shahidi, tangu siku yenyewe. Kwamba hukukosa, tangu Ijumaa iliyopita."

"Ijumaa." Wifi alihesabu kimoyomoyo. "Kwa hiyo Jumapili ulikuwa unajua. Na matunda yale. Na unga." Hakupandisha sauti. "Mpigie bosi wako. Hapa hapa, na mimi nisikie."

Kijani alipiga, akaweka simu mezani katikati yao. Aliyasema tena yote, safari hii polepole.

"Umemwambia nani mwingine?" aliuliza Bosi.

"Yeye mwenyewe. Anakusikia."

Bosi alikohoa. "Sikiliza, binti. Ubao wako ulikuwa kijani wiki sita. Stoo hawana oda. Hakuna ripoti ya king'amuzi kuharibika, na sahihi yako ipo kwenye ushahidi. Leo unasema kilikuwa kimekufa, na huyo ni wifi yako. Nani atakuamini? Watasema unamwokoa ndugu yako."

"Waya ulikuwa umelegea kule kwa Jirani."

"Nani ameandika kwamba ulilegea? Waya uko sawa. Nenda nyumbani, ulale, tuongee Jumatatu." Akakata.

Kijani alibaki na simu mezani. Nyaraka zote alizozihitaji sasa ni yeye aliyezizuia zisiandikwe, moja baada ya nyingine, kwa mikono yake.

"Nitaandika barua hata hivyo," alisema. "Kwa mamlaka, leo hii. Wakinifukuza wanifukuze. Wifi, nisamehe."

Kengele ikalia. Wifi akaibonyeza. "Nipo," akasema, na kuirudisha tena kwa dakika kumi.

"Huna haja nayo tena, wifi. Nimekuambia hukusinzia."

"Nimekusikia." Wifi alimtazama, si kwa hasira, kwa uchovu tu, kama mtu anayeulizwa njia katika mji ambamo hata yeye amepotea. "Jumapili nilikuuliza kwenye meza hii, ukaniambia zote mbili. Nikakuamini wewe, nikaacha kuyaamini macho yangu. Leo unaniambia vingine. Niambie basi, hii ya leo niiamini kwa shahidi gani?"

Kijani hakuwa naye hata mmoja. Wifi alisubiri kidogo, kwa adabu, kisha akausogeza ungo wa mchele karibu na kuanza upya kuchambua ule aliokwisha kuuchambua.