Kikohozi cha Mpiga Ngoma

Yesha alizipanga santuri upya siku ya Jumatano, nilipotumwa sokoni kununua ndimu. Hakuniuliza. Niliporudi nilimkuta ameketi sakafuni, vumbi limemjaa magotini, anatabasamu kama mtu aliyemfanyia mwenziwe hisani.

"Ilikuwa vurugu tupu," aliniambia. "Sasa kila kitu kiko kwa herufi."

Haikuwa vurugu. Ulikuwa mpango wangu.

Mzee Manilal ana duka la vitambaa hapa Malindi, karibu na soko la zamani. Nyuma ya duka kuna chumba kisicho na kitambaa hata kimoja. Kuna mashine ya kupigia santuri, viti viwili, na rafu iliyojaa santuri za jazi, mia tatu na kitu, alizozikusanya tangu ujana wake. Mimi nilifika pale miaka sita iliyopita kufagia na kupiga deki. Wakati huo macho ya Mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na kisu cha daktari anakiogopa. Siku moja akaniita nimsomee jalada. Nilimwambia ukweli, kwamba shule niliachia darasa la tano, na Kiingereza chenyewe hakikunikaa kichwani. Akasema basi nimweleze ninachokiona.

Nikamwambia naona mwanamume amevaa kofia, ameshika tarumbeta, anatazama pembeni kama mtu aliyenyimwa mke.

Mzee alicheka mpaka akaishika meza. Kisha akalitaja jina la mtu yule, na mwaka, na mji alikoupiga muziki ule. Tangu siku hiyo kiti cha pili kikawa changu.

Majina yao ya kweli hayakunishika, kwa hiyo niliwapa yangu. Mmoja nilimwita Mvua ya Mabati kwa namna anavyozipiga ngoma. Mwingine alikuwa Bibi Moshi, mwingine Mwenye Haraka. Rafu niliipanga nilivyomwona Mzee anavyoishi. Santuri za asubuhi zilikaa karibu na mlango, za wakati wa joto katikati, na chini kabisa, mahali ambapo lazima upige magoti, niliweka zile anazozitaka siku akimkumbuka marehemu mkewe, Motiben. Akitaja moja, mkono wangu ulikuwa umeshafika.

Yeye naye alinifundisha kutumia vidole. Kuna chapa ya kwanza, iliyotoka wakati muziki ulipopigwa, na kuna marudio, yanayochapishwa upya miaka mingi baadaye. Uzito hudanganya, maana siku hizi marudio nayo hufanywa mazito. Lakini katika chapa za kwanza za zamani, ile karatasi ya duara ya katikati huwa na mfereji mwembamba unaoizunguka, na kidole huuona hata macho yakishindwa. Jambo moja nililigundua mwenyewe, wala sikumwambia mtu. Chapa za kwanza za kampuni moja aliyoipenda Mzee zilikuwa na mkwaruzo mdogo kama ndoana, pale mistari ya muziki inapoishia. Marudio hayana ndoana. Nililiweka jambo hilo moyoni kama mtu anavyoweka pete.

Halafu Yesha akaja. Ni mjukuu wa Mzee, amekulia Mombasa, amemaliza chuo kikuu na anangoja kazi. Ana sauti nzuri, na hana ubaya wowote, na hilo ndilo lililonichosha. Mtu mbaya ningejua la kumfanya.

Alimletea Mzee santuri kwa simu. Alijua duka gani Nairobi linafunga na linauza marudio kwa nusu ya bei. Alijua kwamba jalada likikunjika pembe bei hushuka, na muziki ndani haukunjiki. Aliwabembeleza wauzaji kwa sauti ile yake mpaka wakapunguza tena, kisha vifurushi vikaja kwa basi, naye akavifungua mbele ya Mzee mmoja mmoja, akimsomea kila neno lililoandikwa nyuma ya jalada. Walicheka kwa Kigujarati. Mimi niliziosha santuri kwa maji na kitambaa laini, nikizikausha, nikizisikiliza kutoka mlangoni. Kiti cha pili kilikuwa na mtu.

Alhamisi, siku moja baada ya ule upangaji wake, Mzee alitaka Mvua ya Mabati. Mkono wangu ulikwenda mahali pake bila kufikiri, nikaweka sahani, nikashusha sindano. Ikatoka kwaya ya wazee wakiimba na kinanda. Yesha alinyoosha mkono bila hata kusimama, akaitoa iliyotakiwa.

"Iko hapa, Nyevu. Tunafuata jina la mpigaji. Nitakufundisha, ni rahisi."

Nikasema asante. Nilitamani rafu nzima imwangukie.

Lakini lililoniuma kuliko yote lilikuwa kikohozi. Mzee alikuwa na santuri moja aliyoinunua Mombasa mwaka aliooa. Upande wa pili, kabla muziki haujaanza, mpiga ngoma anakohoa, mara moja, kikohozi kikavu. Kila mara Motiben alikisikia kutoka jikoni, naye akakohoa kumjibu. Miaka kumi na minane walicheka jambo hilohilo. Kisha Mzee akamwazima mwenye hoteli mmoja, hoteli ikafungwa, mtu akahama, santuri ikapotea. Motiben naye akafa. Baadaye Mzee alinunua marudio yake, akakuta muziki umesafishwa. Kikohozi hakimo. "Wamemfuta," aliniambia. Aliniambia mimi. Nilidhani amenipa siri niitunze, na kwa miaka sita sikumsimulia mtu, hata mama yangu kule Magarini.

Ijumaa ile nikamsikia akimsimulia Yesha, neno kwa neno, mpaka ule mkohozo wenyewe.

Jioni hiyo Yesha akapata habari kwenye simu. Nyumba ya mzungu mmoja huko Kilifi imeuzwa, mwenyewe amerudi kwao, na mtunzaji anauza vitu vilivyobaki, santuri zikiwemo. Mzee alimwambia aende Jumamosi asubuhi, kabla ya Gachanja. Huyu Gachanja ni mfanyabiashara wa Nairobi anayezoa santuri pwani na kuziuza tena mara tano ya bei.

"Nenda na Nyevu," Mzee akasema. "Akusaidie kubeba."

Kubeba. Nilitikisa kichwa kukubali.

Mtunzaji aliitwa Kalume, mtu mzima mwenye mzaha. Tulimwamkia shikamoo, akatufungulia stoo. Makreti manne. Alisema kila santuri ni shilingi mia mbili, ya juu na ya chini, na kwamba angetupa bure kama zingemrudishia usingizi wake, kwa kuwa mzungu akizipiga mbwa wote wa mtaa walilia. Alipoona tunazitoa moja moja na kuzigeuza kwenye mwanga, alikaa kizingitini.

"Nyinyi ni wanunuzi au mahakimu?"

Yesha alicheka. Alikuwa akiangalia jalada, akiangalia simu, akiweka kushoto au kulia. Mimi kazi yangu ilikuwa kumpa. Kreti la tatu, karibu na mwisho, nilitoa jalada ninalolijua: mwanamume ameketi juu ya sanduku la safari, saksafoni mapajani. Lilikuwa jalada jipya la marudio, linang'aa, sawasawa na lile tulilonalo dukani, la muziki uliofutwa kikohozi. Niliichomoa sahani nusu ili nitazame mikwaruzo. Kidole changu kikaingia kwenye mfereji.

Nikaigeuza kwenye mwanga. Ndoana ilikuwepo.

Jalada lake la kwanza huenda lilioza au lilipotea, mzungu akaivalisha nguo ya mwingine. Hii ndiyo ilikuwa chapa ya kwanza. Kikohozi kilikuwa mkononi mwangu.

Yesha aliinua macho. "Hiyo tunayo," akasema. "Ni marudio."

Ningesema neno moja tu. Niliwaza uso wa Mzee utakavyofunguka, na atakayekuwa amekaa kwenye kiti cha pili. Niliwaza atakavyosema, Yesha ameniletea.

"Ndiyo," nikasema, nikairudisha.

Nilikuwa na mpango. Jumapili duka hufungwa. Ningerudi peke yangu, niinunue kwa pesa zangu za viatu, na Jumatatu niiweke mwenyewe kwenye mashine bila kusema kitu. Tulipomaliza, Yesha aliniomba nitangulie na sanduku hadi kwenye tuktuk, akabaki nyuma kumlipa Kalume. Njiani alisinzia, kichwa kikaniangukia begani. Sikukisukuma. Sikukisogelea pia.

Jumapili nilifika Kilifi kabla jua halijawa kali. Kalume alikuwa akifagia stoo. Makreti hayakuwepo.

"Umesahau kitu, binti?"

Nilimwambia kuna moja niliyotaka kuichukua.

"Gachanja amekuja alfajiri na gari. Amezoa zote, hakuchagua hata moja." Akapumzisha ufagio. "Yule sasa ndiye mnunuzi."

Nilikaa kwenye ukuta wa nje kwa muda. Niliona kikohozi kile kikipigwa Nairobi mbele ya watu wasiokijua, mmoja akiuliza kama santuri ina kasoro, wakiomba wapunguziwe bei. Mzee asingekisikia tena, na ni mimi niliyekirudisha kwenye kreti kwa mkono wangu. Nililia. Lakini lazima niseme yote: katikati ya kulia, kulikuwa na kijisehemu changu kilichofurahi kwamba Yesha naye hakukipata.

Jumatatu nilifika mapema ili nifagie bila kuonana na mtu. Wote wawili walikuwa chumba cha nyuma. Mashine ilikuwa imefunguliwa.

"Njoo," Yesha akasema. "Tulikuwa tunakungoja wewe. Tangu Jumamosi nimejizuia."

Mkononi alikuwa na lile jalada la mwanamume na sanduku lake. Mzee hakujua ni nini, alidhani ni kifurushi kingine. Yesha alishusha sindano upande wa pili. Ikaja sauti kama mafuta yanayoanza kupata moto. Kisha mtu aliyekwishakufa zamani, mbali sana, akakohoa.

Mzee hakusogea. Muziki ulikuwa umeshaanza alipoinua ngumi yake mdomoni na kukohoa, kwa upole, kidogo kuliko mwanamume anavyokohoa. Nikajua namna ile ilikuwa ya nani.

Kisha akamuuliza Yesha alijuaje.

"Sikujua, Bapuji. Mimi nilisema ni marudio. Lakini nilimwona Nyevu. Anapitisha santuri kama anayepepeta mchele, na kwa hii mkono wake ulisimama. Nikajua kuna kitu. Nilidhani ameona haya kunipinga mbele ya mtu, kwa hiyo nikarudi nikaichukua." Alinitazama, anang'aa. "Ni yeye aliyeipata."

Alikuwa ananipa zawadi. Aliniweka uchi bila kujua.

Mzee hakuwa mtoto. Ameuza vitambaa miaka sitini, anajua mtu anayeshika nguo na kuirudisha ana sababu. Aligeuza yale macho yake ya ukungu upande wangu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukairudisha."

"Niliirudisha."

Saksafoni iliendelea. Sijawahi kusema mengi mbele za watu, na hayo machache nayasema nikitazama chini, lakini siku ile nilikitazama kiti.

"Nilitaka niilete mimi," nikasema. "Jana nilirudi Kilifi. Nikakuta Gachanja amebeba zote. Nilidhani na hii."

Yesha alitutazama, mimi, kisha Mzee, kisha akatazama alipoketi. Niliona jambo lilivyomfikia. Akasimama taratibu, akakiacha kiti wazi, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

"Kaa, Yesha," Mzee akasema. "Na wewe, Nyevu, usikae." Sauti yake ilikuwa kavu. "Miaka arobaini nangoja mtu akohoe, kumbe humu ndani kuna vita vya kiti."

Alituacha hivyo mpaka upande ukaisha na sindano ikawa inazunguka bure. Nilisogea nikaiinua, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na kwa sababu sindano ikiachwa inalika.

Ndipo akasema rafu itabaki kwa herufi, maana siku moja wote wawili tutaondoka na mgeni atahitaji kupata kitu. Yesha atanifundisha kusoma majina. Mimi nitamfundisha vidole. Kiti cha tatu kitanunuliwa sokoni, na atakayekizungumzia atakaa sakafuni.

Hiyo ni miezi mitatu sasa. Herufi zimenikaa kuliko nilivyodhani. Mvua ya Mabati nimemsoma jina lake, ni refu na halimfai. Yesha naye si mzito wa kujifunza. Ameshaujua mfereji kwa kidole, macho ameyafumba, na wiki iliyopita alitambua chapa ya kwanza katika rundo la marudio ya bei ya kutupa, Mzee akapiga makofi. Nilikuwa kwenye kiti changu, wala hakuna aliyenisogeza, na bado makofi yale niliyahesabu.

Kila kitu nimemwonyesha isipokuwa ndoana. Jana aliniuliza kama kuna alama nyingine anayopaswa kuijua. Nikamwambia nitafikiri.

Nitamwonyesha. Si mwezi huu.