Tajudin Yuko Mwezini

Jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, Nusura alipanda juu ya paa la studio yao ya picha, mtaani Kisugu, akasimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu na kuielekeza machweoni. Kwa kawaida mumewe, Tajudin, ndiye aliyempigia shehe picha ya mwezi mwandamo, maana shehe alikuwa haoni mbali na hakupenda kutangaza Idi kwa maneno ya watu. Mwaka huu Tajudin hakuwapo. Wanaume wenye miwani myeusi walikuwa wamemtia kwenye buti ya gari mchana kweupe, na kifungo cha shati lake kikabaki kizingitini.

Mwezi mwandamo haupigwi na kila mtu. Ni mwembamba, huzama upesi, na kamera ikitikisika kidogo tu unapata ukungu. Tajudin mwenyewe alikuwa akitoa ukungu kila mwaka, shehe akimstahi. Nusura alibana pumzi, akabonyeza. Picha ilipotoka kwenye dawa, mwezi ulikuwa safi kama ukucha uliokatwa sasa hivi, na juu yake ameketi Tajudin, miguu inaning'inia, shati halina kifungo cha pili. Nusura alilia kidogo, kisha akaianika.

Shehe aliisogeza karibu na taa. "Mwezi umeandama," alisema. "Na mumeo amekonda, mwanangu."

Idi ikaswaliwa.

Kesho yake Nusura alikwenda na picha na kifungo kwenye kambi ya jeshi, ambako watu walisema gari lile liliingia. Alitaka kitu kimoja tu, mumewe arudishwe. Kila alipofika hapo, sajenti wa zamu alimwambia kwamba Tajudin ametorokea Kenya.

"Afande, hayuko Kenya. Yuko hapa," alisema, akimwonyesha kwa kidole pale kwenye picha. "Na kifungo chake ni hiki."

Sajenti aliipeleka picha dirishani. Aliitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Mama, hii picha iko safi sana. Nani alipiga?"

"Mimi."

"Kumbe! Basi bwana yako iko kwa mwezi. Sisi hapa hatuna yeye. Usirudi kuuliza tena."

Alimrudishia kifungo. Picha aliibandika ukutani, mahali ambapo kila anayeingia angeiona, na kwa kweli ilistahili.

Mwezi wa Mfunguo Pili ulipoandama, Nusura alipanda tena. Aliyemshikia ngazi ni jirani yake, Atim. Mume wa Atim, Ongom, alikuwa polisi. Alikwenda kazini Ijumaa na hakurudi. Picha ilitoka safi kuliko ya kwanza. Tajudin alikuwa amesogea hadi ncha ya mwezi, na kando yake ameketi Ongom na sare yake, bila mkanda.

Atim aliishika picha kwa mikono miwili.

"Iko na pahali ya kukaa," alisema.

"Tajudin amempisha," alisema Nusura.

Aliitazama ile ncha nyingine ya mwezi, ambayo bado ilikuwa wazi, akatia filamu mpya kwenye kamera.