Mshenga wa Meseji

"Babu, usicheke!" mjukuu wangu alifoka, nami nikazidi kucheka mpaka miwani ikatumbukia kwenye chai.

Jaribio lake la kwanza asubuhi ile lilikuwa limemtumia mama yake meseji: "Hongera, una mapacha."

Mama yake ni binti yangu, mtu mzima wa kustaafu. Alipiga simu papo hapo.

"Baba, nani kanipima?"

"Kompyuta, mwanangu."

"Basi iambie ije imwinue mume wangu, kakaa sakafuni!"

Mjukuu aliandika programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa hospitali miadi yao na kuwapa majibu ya vipimo. Kutuma hasa kulifanywa na maktaba ya programu, yaani msimbo uliokwisha andikwa na wengine, tuliyoichukua kwa kampuni ya mbali, nayo haijui mzaha: ukiigusa, inatuma kweli. Kati yake na sisi aliweka adapta, kipande kidogo cha kutafsiri maneno ya huku yaeleweke kule. Saa kumi daktari mkuu wa hospitali hiyo angekuja kuona adapta ikijaribiwa. Ikishindwa, kazi inakwenda kwa mwingine.

Mimi kompyuta niliisoma shule ya jioni, na cheti ninacho ukutani. Nikakisogeza karibu kiti changu cha magurudumu.

"Tuitengenezee maktaba bandia."

"Haiigiziki, Babu. Ukiziba huku, inachomokea kule."

"Mkorofi kama mama mkwe."

Alianza kucheka, akakatiza. "Babu! Kwa mkwe huendi mwenyewe, unatuma mshenga. Adapta ndiyo mshenga! Kumbe muda wote nilikuwa nampima mkwe!"

Vidole vikaanza kucheza ngoma. Akaibadili adapta ili isimtafute mtumaji yenyewe, bali ikabidhiwe mtumaji kutoka nje. Kwenye jaribio akaikabidhi mtumaji wetu wa uongo, asiyetuma kitu, anayekariri tu alichoambiwa. Tukabonyeza. Skrini ikawaka nyekundu: imeshindwa!

"Mshenga wako anameza sifuri ya mwanzo wa namba," nikasema.

"Ndiyo maana tunampima, mzee wangu!" Akarekebisha. Kijani! Tukapigiana makofi kama watoto waliofunga shule.

Daktari alifika, tukamsimulia habari ya mshenga na mkwe, akatazama alama za kijani zikipangana. "Na huyo mkwe mwenyewe?"

"Tunambishia hodi mara moja tu," mjukuu akamjibu. "Naomba namba yako."

Simu ikatetemeka mfukoni mwake. Akaisoma kwa sauti: "Daktari, ukiridhika, tuambie tuanze lini."

Akatukazia macho, kisha akaangua kicheko, nami nikacheka mpaka miwani ikatumbukia tena kwenye chai. "Jumatatu. Na mzee aje pia, ila asiwe karibu na chai."

Mjukuu akanishika mikono, akanizungusha na kiti changu cha magurudumu mpaka dari ikawa sakafu.